Mwanafalsafa anakagua nini?

Swali: "Mimi ni mhasibu mstaafu, naishi Tabata. Binti yangu wa mwisho ana shahada ya hisabati na anafundisha sekondari. Sasa anataka kurudi chuo kusoma falsafa, na kwenye maombi yake ameandika kwamba atatafiti 'akili, vyombo vya habari, mantiki na hisabati'. Nikamuuliza, mwanangu, unakwenda kutafiti nini hasa? Mtafiti wa malaria anachukua damu, wa barabara anachukua udongo. Mwanafalsafa anachukua nini? Na mambo hayo manne yanakutana wapi? Isije ikawa ni kijiwe cha kahawa kilichopewa jina la chuo. Sitaki kumkatisha tamaa, wala sitaki apotee."

Jibu: Shikamoo mzee wangu.

Nafundisha falsafa na mantiki hapa Dar es Salaam, na wazazi wengi wanaonitafuta huuliza jambo moja: mtoto atapata kazi wapi? Wewe umeuliza kazi yenyewe ni ipi. Nimefurahi, na nitaanza na hilo. La ajira nitaligusa mwishoni.

Mwanafalsafa anachukua maneno na imani ambazo tayari tunazitumia kila siku, kisha anazikagua kama wewe ulivyokagua vitabu. Tukishakubali hili na lile, tumejifunga kukubali lipi jingine? Yote tuliyoyakubali yanakaa pamoja, au kuna mahali yanakataana bila sisi kujua? Damu yake na udongo wake ni hivyo. Nikiishia hapo lakini nitakuwa nimekupa maneno makavu, kwa hiyo tuchukue kitu ambacho naamini kimeshaingia kwenye simu yako.

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." Sijakutana na mtu mjini hapa ambaye hajawahi kupata meseji ya namna hii. Tuiweke mezani tuiangalie polepole, maana ni kitu kidogo chenye mengi ndani.

Tazama neno la kwanza. Mwizi angeandika "Tuma hela kwenye namba hii," ungeuliza mara moja: hela gani, na wewe nani? Lakini ameandika "ile". Neno "ile" halidai chochote. Halisemi kwamba tulikubaliana, halisemi kwamba unadaiwa. Linazungumza kana kwamba hayo yote yalishapita. Sasa meseji ikimfikia mtu ambaye kweli anatakiwa kumtumia mwenye nyumba kodi, au ada ya mtoto kwa mjomba anayemlea, mtu huyo anaijazia mwenyewe hadithi iliyobaki. Mwizi hajui lolote juu yako, na hana haja ya kujua. Sehemu ya pili, "jina litakuja", inafanya kazi hiyo hiyo. Kinga pekee uliyonayo ni lile jina linalotokea kabla hujathibitisha muamala, na meseji imekwishakuandaa usilishangae.

Wewe mhasibu utanielewa haraka nikisema hivi: "ile" ni salio la mwanzo ambalo hakuna aliyelikagua. Limeandikwa juu ya ukurasa, na kila hesabu inayofuata inalichukua kama lilivyo.

Wanafalsafa wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja, wakianzia na mfano unaoonekana wa kipuuzi. Mwaka 1905 Bertrand Russell, Mwingereza, alijiuliza: mtu akisema "Mfalme wa sasa wa Ufaransa ana upara", amesema kweli au uongo? Ufaransa haina mfalme. Russell alijibu kwamba kauli hiyo ni ya uongo, kwa sababu ndani yake imefichwa kauli nyingine inayosema kwamba mfalme huyo yupo. Mwaka 1950 Peter Strawson akamkatalia. Alisema msemaji hadai kwamba mfalme yupo, anatanguliza tu kuwapo kwake. Na jambo lililotangulizwa likikosekana, hata swali la kweli au uongo halizuki. Mwaka 1979 Mmarekani David Lewis akaongeza kipande ambacho mimi naona ndicho kinachoeleza ile meseji. Alisema mazungumzo yana kumbukumbu zake, kama mchezo unavyokuwa na ubao wa matokeo. Mtu akisema kitu kinachohitaji jambo fulani liwe limeshakubaliwa, na waliopo wasipopinga, jambo hilo huingia kwenye kumbukumbu papo hapo kana kwamba lilikubaliwa tangu mwanzo.

Sasa jaribu kuijibu ile meseji kwa neno "uongo". Unapiga hewa. "Tuma" ni amri, na amri haiwi ya uongo. "Ile" haikudai kitu. Umedanganywa, umeibiwa, na hakuna sentensi moja ya uongo uliyoambiwa isipokuwa labda hilo jina. Je, inawezekana kusema uongo bila kusema lolote lisilo kweli? Hilo, mzee wangu, ni swali halali la utafiti. Ndani yake mantiki ipo, kwa sababu tunauliza kauli ipi inabeba nini. Akili ipo, kwa sababu tunauliza msomaji anajazaje pengo bila kujijua. Na vyombo vya habari vipo, kwa sababu ujumbe umekuja bila uso na bila sauti, na hukuweza kusema "ngoja kwanza, hela ipi?" Ukitoka hapo ukasoma vichwa vya magazeti vinavyoanza na "Kwa nini fulani amekimbia", utaona kifaa ni kile kile: tunahimizwa kutafuta sababu ya jambo ambalo hatujathibitishiwa kwamba limetokea.

Umetaja kijiwe cha kahawa, na nakiheshimu kijiwe. Nimejifunza kubishana kwenye kijiwe, kashata mkononi. Lakini kuna jambo moja kijiwe hakilazimishi. Mtu akisema timu yake haijawahi kufungwa nyumbani, akatajiwa mechi aliyofungwa, anasema "nilimaanisha mechi za ligi". Akitajiwa ya ligi, "nilimaanisha tangu aje kocha huyu". Kahawa inakwisha, watu wanaagana, dai halijafa wala halijapona. Kwenye utafiti dai lako umeliandika, hatua zake umezipanga, na maana ya kila neno umeifunga. Halafu anakuja mtu mwingine, pengine humjui kabisa, anatafuta mahali pa kulibomolea. Na likibomoka, limebomoka.

Nikusimulie lililonipata mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika sura nzima ya tasnifu kwa miezi mitatu, kuonyesha kwamba kompyuta haiwezi kufahamu jambo lolote. Niliiona imenyooka kabisa. Mwenzangu mmoja aliirudisha na alama mbili tu za penseli. Kwenye ukurasa wa 4 alikuwa amezungushia neno "fahamu" na kuandika 1 pembeni. Kwenye ukurasa wa 19 amezungushia "fahamu" tena, akaandika 2. Basi. Nikakaa nayo jioni nzima pale chini ya mwembe kabla sijaona. Ukurasa wa 4 nilikuwa nazungumzia fahamu ya hospitali, ile ya "mgonjwa amepoteza fahamu". Ukurasa wa 19 nilikuwa nazungumzia fahamu ya darasani, ya mwanafunzi aliyelifahamu somo. Nilikuwa nimeonyesha kwamba kompyuta haina ya kwanza, kisha nikahitimisha kwamba haina ya pili. Miezi mitatu ikaondoka na duara mbili za penseli. Iliniuma, lakini sijawahi kutilia shaka tena kwamba kazi hii inaweza kukosewa, na kazi inayoweza kukosewa ndiyo inayoweza kuitwa utafiti.

Kuna waliopoteza zaidi ya miezi mitatu. Gottlob Frege, Mjerumani wa chuo cha Jena, alitumia zaidi ya miaka 20 kujaribu kuonyesha kwamba hesabu yote inatokana na mantiki tupu. Juzuu ya pili ya kazi yake kuu ilikuwa kwa mpiga chapa alipopokea barua ya Russell, yule yule wa mfalme mwenye upara, ya tarehe 16 Juni 1902. Kiini chake nakigeuza kiwe cha ofisini kwako. Ofisi ina rejista nyingi. Rejista ya magari haijiorodheshi yenyewe, kwa kuwa si gari. Rejista ya rejista zote za ofisi inajiorodhesha, kwa kuwa nayo ni rejista ya ofisi. Bosi anakuagiza utengeneze rejista mpya yenye rejista zote zisizojiorodhesha, na hizo tu. Unaiandika, unafika mwisho, unajiuliza: hii yenyewe niiingize? Ukiiingiza, imeshakuwa rejista inayojiorodhesha, kwa hiyo haikustahili kuingia. Ukiiacha, ni rejista isiyojiorodhesha, kwa hiyo ilistahili kuingia. Hakuna njia ya tatu.

Ofisini utasema agizo la bosi halitekelezeki, mambo yamekwisha. Frege hakuwa na mlango huo, kwa sababu moja ya kanuni zake za msingi iliruhusu makusanyo ya namna hiyo yote. Alimjibu Russell ndani ya wiki moja, akakubali pigo, na juzuu ilipotoka mwaka 1903 ilikuwa na nyongeza mwishoni inayomweleza msomaji kwamba nyumba imetikisika msingi baada ya kujengwa. Kila mwaka nikifika hapo darasani huwa nanyamaza kidogo. Mzee mmoja, barua moja, hakuna maabara, na ukweli umejulikana.

Kilichofuata nitakipitia haraka. Mwanahisabati mkubwa David Hilbert alitaka hisabati ipate hati safi: ithibitishwe, kwa njia zisizo na shaka, kwamba kanuni zake hazitazaa mkanganyiko kamwe. Septemba 1930, kwenye mkutano mjini Königsberg, kijana wa miaka 24 aitwaye Kurt Gödel alisema kwa maneno machache tu kwamba ana matokeo yanayokwenda kinyume na tumaini hilo. Siku iliyofuata Hilbert alihutubia katika mji huo huo akisema lazima tujue na tutajua. Kazi ya Gödel ilichapishwa mwaka 1931: mfumo wowote wa kanuni zinazoweza kuorodheshwa kwa utaratibu, wenye nguvu ya kutosha kubeba hesabu za kawaida, kama haujikanganyi basi kuna kauli za hesabu usizoweza kuzithibitisha wala kuzikanusha, na hata ile kauli inayosema kwamba mfumo wenyewe haujikanganyi, mfumo huo hauwezi kuithibitisha. Utashawishika kusema "kumbe hata hisabati inahitaji mkaguzi wa nje". Mfano huo unasaidia hadi hapo tu, kwa sababu mkaguzi wa nje naye ni mfumo, na naye atahitaji wa kwake.

Wewe umewahi kuona urari, yaani jumla za pande mbili za vitabu, ukilingana huku vitabu vina makosa. Mauzo ya mteja mmoja yameingizwa kwa mteja mwingine, urari unatulia kimya. Risiti imesahauliwa kabisa pande zote mbili, urari unatulia kimya. Kulingana ni jambo moja, kuwa kweli ni jambo la pili. Sehemu kubwa ya falsafa ya mantiki inaishi kwenye nafasi iliyopo kati ya hayo mawili.

Sasa nije kwa binti yako, maana yeye ni mtu wa hisabati na lazima ameshakutana na swali hili: namba ni kitu gani? Mpeleke kwenye genge la jirani. Mama wa genge amepanga nyanya juu ya meza, tano tano. Uliza rangi: nyekundu. Uliza ni ngapi, naye atakuuliza, "Ngapi nini?" Ukihesabu mafungu ni matatu. Ukihesabu nyanya ni kumi na tano. Hakuna nyanya iliyoongezeka wala kupungua, rangi ni ile ile, namba imebadilika kwa kubadilisha neno tunalohesabia. Frege aliliona hili mwaka 1884 kwa mfano wa karata, kwamba pakiti ni moja na karata ni nyingi, akahitimisha kwamba tunapotaja namba hatusemi juu ya kitu, tunasema juu ya dhana tunayokihesabia kitu hicho.

Kiswahili hapa kina la kuongeza. Tunasema "mafungu mazuri" na "mafungu matatu": namba imevaa kiambishi kama sifa yoyote ile, kana kwamba utatu ni kama uzuri. Tukifika sita nguo inavuka: "mafungu sita", "viti saba", "watu tisa". Nane inavaa tena, "watu wanane", halafu kumi haivai. Tunajua sita, saba na tisa ni maneno yaliyotoka Kiarabu, na historia hiyo inaeleza sehemu ya jambo. Lakini bado kuna swali ambalo Frege, kwa Kijerumani chake, asingelipata mezani kwa sura hii: lugha moja ikiziweka namba nyingine katika kundi la sifa na nyingine nje yake, sarufi inatuambia chochote juu ya namba, au inatuambia juu ya wasafirishaji wa maneno tu? Mimi naelekea kuamini jibu la pili. Ningefurahi sana mtu wa hisabati anionyeshe nimekosea.

Kuhusu akili, ungo umejaa na nitachagua punje moja. Mwaka 1950 mwanahisabati Alan Turing alipendekeza tuache kuuliza kama mashine inafikiri, tuulize kama inaweza kujibu maswali kwa maandishi hadi tusiitofautishe na mtu. Mwaka 1980 mwanafalsafa John Searle akajibu kwa kisa cha mtu aliyefungiwa chumbani. Hajui Kichina hata kidogo, lakini ana kitabu cha maelekezo: ukiletewa alama hii, toa ile. Walioko nje wanatuma maswali kwa Kichina na kupokea majibu mazuri ya Kichina. Wanaamini aliyemo ndani anaelewa, naye haelewi neno. Kwa hiyo, anasema Searle, kufuata maelekezo peke yake hakuleti kuelewa. Wapinzani wakasema mtu si kitu, anayeelewa ni chumba kizima pamoja na kitabu. Searle akasema basi mtu akikariri kitabu chote, chumba kitakuwa kichwani mwake na bado hataelewa.

Kukariri! Mwalimu gani wa Tanzania hajalitamka neno hilo kwa uchungu? Binti yako ana wanafunzi wanaoandika fomula bila kosa na hawajui inasema nini. Anawatambuaje? Anabadilisha swali kidogo, anageuza herufi, anauliza kwa maneno ya sokoni. Hilo ndilo jaribio lenyewe. Programu za kisasa zinazozungumza zinajibu hata swali likigeuzwa, mara nyingi, na ndiyo maana kisa cha Searle kimerudi mezani kwa nguvu. Mwalimu aliyekaa darasani miaka kadhaa akitenganisha waliokariri na walioelewa ana uzoefu ambao profesa wengi wa falsafa hawana. Ningependa autumie.

Vyombo vya habari, nilivyosema, tulishavianza na ile meseji. Nitaongeza mawili. Mwanafalsafa C. Thi Nguyen ametenganisha hali mbili tulizokuwa tunazichanganya. Ya kwanza, mtu hajazisikia sauti nyingine kwa sababu hazimfikii. Huyo ukimletea habari iliyokosekana anaweza kubadilika. Ya pili, mtu anazisikia vizuri lakini amefundishwa mapema kutowaamini wanaozisema. Huyo kila ushahidi unaomletea unazidi kumthibitishia kwamba alionywa kweli. Tiba ya wa kwanza haimponyi wa pili. Naye mwanafalsafa Regina Rini, mwaka 2020, aliandika juu ya rekodi za sauti na video za kughushi. Hoja yake ni kwamba hatukuwa tukiaminiana kwa sababu kila neno lilirekodiwa. Tulikuwa waangalifu katika kusema kweli kwa sababu rekodi ilikuwa inawezekana, inangoja nyuma kama risiti. Rekodi zikighushika kwa urahisi, kinachodhoofika ni ule uangalifu wenyewe. Mhasibu anajua kinachotokea ofisini stakabadhi zinapoacha kuaminika.

Umeuliza mambo manne yanakutana wapi. Ninaweza kukutajia mahali kamili. Chukua ramani ya Tanzania yenye mikoa 31, uipake rangi ili mikoa miwili inayopakana isifanane. Rangi nne zinatosha. Zinatosha kwa ramani yoyote ile, ya kweli au ya kubuni, ilimradi kila eneo ni kipande kimoja. Watu walilishuku jambo hili tangu mwaka 1852 bila kulithibitisha. Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken, huko Illinois, Marekani, wakatangaza uthibitisho. Lakini sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na kompyuta kwa zaidi ya saa 1,000, ikipitia kesi nyingi mno kwa mtu kuzikagua kwa mkono. Mwaka 1979 mwanafalsafa Thomas Tymoczko akauliza: uthibitisho ambao hakuna binadamu aliyeusoma wote, ni uthibitisho?

Hapo ndipo njia panda yenyewe. Hisabati ipo, kwa kuwa kauli ni ya hisabati. Mantiki ipo, kwa kuwa tunauliza kinachofuata kutokana na nini. Akili ipo: nani ameelewa, kama hakuna aliyezipitia kesi zote? Na suala la chombo kinacholeta habari lipo, kwa sababu kompyuta hapa imesimama kama shahidi, nasi tunaamini neno lake kama tunavyoamini mtangazaji. Wengine walimjibu Tymoczko kwamba wanahisabati wamekuwa wakiaminiana siku zote, hakuna mmoja anayeanza upya kuthibitisha kila kitu alichokisoma. Ni jibu zuri. Lakini mwenzangu nikimwamini naweza kumuuliza "hatua hii umeipataje?" na akanieleza. Mwaka 2005 Georges Gonthier, mtaalamu wa kompyuta, aliithibitisha kauli hiyo ya rangi nne tena, kila hatua ikikaguliwa na programu iliyoundwa kwa ajili ya kukagua thibitisho. Kompyuta imekaguliwa na kompyuta. Umeridhika? Mimi, kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mpe swali hilo binti yako mkiwa mezani, usikilize atakavyolishika.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nalibeba moyoni. Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na desturi ya kuchukua swali la falsafa lililoandikwa kwa Kiingereza na kulifikiri upya kwa Kiakan, lugha yake. Nadharia maarufu inasema kauli ni ya kweli ikiwa inalingana na jinsi mambo yalivyo. Kwa Kiingereza inaonekana imesema jambo zito, kwa sababu kuna neno la ukweli wa kauli na neno jingine la jambo lililopo. Wiredu alionyesha kwamba kwa Kiakan yote mawili husemwa "nea ete saa", yaani kilicho hivyo, na nadharia nzima inageuka kusema kwamba kilicho hivyo ni kilicho hivyo. Hakusema kila swali la falsafa ni mchezo wa lugha. Alisema tupime, lipi linabaki likihamishwa na lipi linayeyuka.

Kiswahili kinasimama katikati. Neno "ukweli" linafanya kazi zote mbili kama Kiakan, lakini tuna "hali halisi" pia, ambalo linafungua mlango mwingine. Na lile neno "fahamu" lililonibomolea sura yangu: je, nilikosea tu, au Kiswahili kinaposema fahamu ya hospitali na fahamu ya darasani kwa neno moja kinashuku kwamba asiyeweza kuzirai hawezi kuelewa? Searle mwenyewe aliamini hivyo viwili havitengani. Hadi leo sijalimaliza swali hilo, na sina aibu nalo. Linahitaji mtu aliyelala na kuamka kwa Kiswahili, mwenye mantiki mkononi, na wapo wachache mno.

La ajira, bila kukuficha: nafasi za kufundisha falsafa vyuoni ni chache, na asiende akidhani shahada itamfungulia mlango kwa nguvu zake yenyewe. Anayo hisabati na ana kazi ya ualimu. Asiiache kabla hajapata ufadhili au ruhusa ya masomo. Waliosomea mantiki vizuri nimewaona wakienda kwenye sheria, uhariri na programu za kompyuta.

Na maombi yake yana kasoro moja ambayo msimamizi yeyote ataiona. Mambo manne hayawi tasnifu. Anahitaji swali moja, na dai moja ambalo mtu mwingine anaweza kulikamata na kulibomoa. Kama angekuwa mwanafunzi wangu ningemwambia aanzie alipo: darasani kwake, mwanafunzi anapopata jibu sahihi kutoka kwenye simu na kusema "nimeelewa".

Mwambie aandike ukurasa mmoja tu juu ya hilo, na aulete kwako kwanza. Chukua penseli, usome kama ulivyosoma leja. Kila neno lililoanza na maana moja na kumaliza na nyingine, lizungushie, uweke 1 na 2. Kisha aniletee huo ukurasa ukiwa na alama zako.